Anza nyuma ya lenzi: namna ya kutambua lenzi za kamera za zamani na umri wake

Ukiulizia kamera za zamani hapa Tabora, kuanzia Ng'ambo hadi Cheyo, utaambiwa ni za Mjerumani. Neno hilo lina uzito kwetu. Boma lipo, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ipo, na hadithi za mali iliyofukiwa hazijaisha. Lakini kwa lenzi ninazozungumzia humu, za kamera ndogo za filamu ziitwazo renjifainda, neno hilo haliwezi kuwa kweli. Utawala wa Mjerumani uliondoka Tabora Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipouchukua mji. Leica ya kwanza, kamera iliyofungua njia kwa kamera ndogo za filamu ya milimita 35, ilianza kuuzwa mwaka 1925. Kwa hiyo lenzi ya Leica iliyokaa kabatini kwa babu ililetwa baadaye: labda na mlowezi aliyerudi kati ya vita viwili, mmisionari wa Kipalapala, ofisa wa Mwingereza, mfanyakazi wa reli, mtaalamu wa mradi wa karanga wa Urambo wa mwishoni mwa miaka ya 1940, au mpiga picha wa studio aliyejinunulia mwenyewe. Nyingine zina jina la Kijerumani usoni na zilitengenezwa Urusi.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu lenzi hizi zinatoka mikononi mwa familia kwa bei ya chuma chakavu, au zinauzwa kwa bei ya dhahabu kwa maneno matupu, na yote mawili yanaumiza. Dawa yake ni mpangilio wa kutazama. Watu wengi huanza na jina lililochongwa kwenye pete ya mbele. Jina ndilo jambo rahisi kuliko yote kughushi, na hata lisipoghushiwa, majina ya zamani yametumika tena kwenye lenzi mpya. Anza nyuma, kwenye sehemu inayofungwa kwenye kamera. Kisha tazama chuma, vipimo, kioo. Jina na namba viwe vya mwisho.

Kabla ya kugusa

Vitu unavyohitaji ni vichache: simu yenye kamera inayoweza kupiga kitu kwa karibu, tochi (ya simu inatosha), rula yenye milimita, kitambaa safi cha miwani, karatasi nyeupe na daftari. Ukiwa na kalipa, chombo cha kupimia milimita kwa usahihi, ni vizuri zaidi. Bisibisi iache nyumbani. Lenzi hizi zikifunguliwa na mtu asiye fundi wake haziwi tena kama zilivyokuwa, kwa sababu vioo vyake vimepangwa kwa vipimo ambavyo jicho halivioni.

Na ukienda kwa wenyewe, usianze na bei. Salimia, kaa, uliza historia. "Shikamoo bibi. Hii kamera ilikuwa ya nani? Ilikuja na nani? Kuna picha zilizopigwa nayo?" Picha za zamani nyuma huwa na mhuri wa studio au mwaka ulioandikwa kwa kalamu, na hilo ni ushahidi usiopatikana kwenye chuma. Omba ruhusa ya kupiga picha lenzi kila upande. Andika maneno ya familia kama yalivyosemwa, hata yale unayoyaona hayawezekani, utayapima baadaye.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni lenzi ya renjifainda

Renjifainda ni kamera ambayo hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha, unaona taswira mbili za kitu kimoja, na unapozungusha lenzi taswira hizo zinakutana. Zikikutana, fokasi imekaa. Ili hilo liwezekane, lenzi lazima iiambie kamera iko umbali gani. Kwenye lenzi nyingi za kukaza kwa skrubu kazi hiyo hufanywa na pete ya shaba ya njano iliyo nyuma kabisa, ndani ya sehemu ya kufungia. Zungusha fokasi huku ukitazama nyuma: utaiona pete ikiingia na kutoka, na mkono mdogo ulio ndani ya kamera ndio unaoiegemea.

Sasa, kuna ndugu wawili wanaochanganya watu sana. Wa kwanza ni lenzi ya mashine ya kukuzia picha, ile ya chumba cha giza. Studio za zamani zilikuwa nazo, na nyingi zina uzi uleule wa milimita 39. Hii haina pete ya fokasi kabisa; ina pete ya apacha tu, yaani ya kufungua na kufunga tundu la mwanga. Ukiikuta imefungwa kwenye kamera, mtu aliijaribu kwa sababu imekubali kuingia.

Wa pili ni lenzi ya Zenit za mwanzo za Kisovieti, ambazo ni kamera za kioo cha kuakisi, si renjifainda. Nazo zina uzi wa milimita 39, zinaingia kwenye Leica au Zorki (renjifainda ya Kisovieti) bila tatizo, na hazitatoa picha kali hata siku moja, maana zimetengenezwa kukaa mbali zaidi na filamu. Kuzitofautisha kuna njia nzuri isiyohitaji kifaa chochote. Ingia kwenye chumba chenye giza kiasi, simama ukiielekea mlango au dirisha lenye mwanga ambapo nje kuna kitu cha mbali. Mwembe wa upande wa pili wa barabara unafaa sana. Weka fokasi kwenye alama ya mwisho, ile ya nane iliyolala (∞), na apacha ifunguke yote. Kama lenzi ni ya kuingiza shingo ndani, vuta shingo na uizungushe mpaka ikaze. Shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, isogeze taratibu mpaka mwembe uonekane mkali, umepinduka kichwa chini. Pima kutoka ukingo ambao hukaa juu ya kamera mpaka kwenye karatasi. Ukipata karibu milimita 29, ni ya renjifainda. Kipimo rasmi cha Leica ya skrubu ni milimita 28.8. Ukipata karibu 45, ni ya Zenit. Rula ya mwanafunzi inatosha, kwa sababu tofauti ni kubwa mno kukosewa.

Hatua ya pili: aina ya kufungia

Hapa ndipo umri unapoanza kujitokeza, na hapa nitakaa kidogo.

Uzi wa skrubu wa milimita 39 ulianzishwa na Leitz wa Wetzlar, watengenezaji wa Leica. Tangu mwaka 1931 hivi kipimo kilisawazishwa ili lenzi yoyote ikae kwenye kamera yoyote. Kabla ya hapo kila lenzi ilirekebishwa kwa kamera yake. Lenzi nyingi za mwanzo za kipimo hiki kipya zina sifuri ndogo iliyochongwa kwenye ukingo wa kufungia. Ukiiona sifuri hiyo, furahi. Lakini uzi huu haukubaki kwa Leitz. Wasovieti waliutumia kwenye FED na Zorki, Wajapani wakautumia kwenye Canon na kamera nyingine nyingi. Kwa hiyo skrubu ya 39 inakuambia familia tu, haikuambii nchi.

Kufungia kwa M, ambako unachomeka na kuzungusha kidogo mpaka lenzi ilie "tak", kulikuja na Leica M3 mwaka 1954. Lenzi ya M ina nukta nyekundu pembeni ya kukusaidia kulenga. Lenzi iliyozaliwa na kufungia huko haiwezi kuwa ya kabla ya 1954, hata kama mwenye nayo anaapa. Angalia lakini: zipo pete nyembamba za kugeuza, zinazokaa juu ya skrubu na kuifanya lenzi ya zamani ikubali kamera ya M. Pete hiyo ikikaa miaka hushikana kama imezaliwa hapo. Tazama kama kuna mstari mwembamba wa maungio. Ukiuona, chini yake kuna skrubu, na umri unarudi nyuma.

Ya tatu ni ya Contax, kamera ya Zeiss Ikon wa Dresden iliyotoka mwaka 1932. Hawa waliweka utaratibu wa fokasi ndani ya kamera yenyewe. Kwa sababu hiyo lenzi ya Contax ya milimita 50 haina pete ya fokasi wala namba za umbali. Ina pete ya apacha tu na vikucha nyuma. Usiichanganye na ile ya kukuzia picha: hiyo ina uzi, hii ina vikucha. Kiev ya Kisovieti na Nikon za S zina mfumo unaofanana sana na huo. Kiev inafanana kwa sababu baada ya vita Wasovieti walichukua mitambo na vifaa vya Contax kama fidia, na kiwanda cha Arsenal mjini Kiev kikaendelea kuitengeneza tangu mwaka 1947. Lenzi ya Nikon itaingia kwenye Contax, lakini hatua za fokasi zao hazilingani, kwa hiyo zile ndefu hukosea umbali.

Hatua ya tatu: chuma

Kabla ya katikati ya miaka ya 1930 Leitz walitumia sana nikeli, ambayo ina joto la manjano kidogo ukiiweka kando ya kijiko cha kawaida. Kisha kromu ikachukua nafasi, nyeupe yenye ubaridi. Lenzi za Kijerumani za kabla ya vita ni nzito kwa umbo lake kwa sababu ndani ni shaba ya njano. Zikikwaruzika rangi hiyo inachungulia. Za Kisovieti za miaka ya 1950 na kuendelea nyingi ni alumini, nyepesi mkononi, za fedha mwanzoni na nyeusi baadaye. Hili peke yake si ushahidi. Litumie kuthibitisha mengine.

Hatua ya nne: vipimo vilivyochongwa

Tazama safu ya apacha. Lenzi za Ulaya za zamani zilifuata safu hii: 3.5, 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18, au kwa lenzi zenye tundu pana zaidi 2.2, 3.2, 4.5. Safu tuliyozoea leo ya 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16 ilitawala baada ya vita. Ukikuta 6.3 na 9 kwenye Elmar ya Leitz, uko upande wa mapema.

Kisha urefu wa lenzi. Imeandikwa 5 cm au 50 mm? Leitz waliandika kwa sentimita mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, ndipo milimita zikaanza kuingia. Nikon walibaki na sentimita hata ndani ya miaka ya 1960. Canon walitangulia kwenye milimita. Umbali nao unaweza kuwa kwa futi au kwa mita. Futi ziliandaliwa kwa masoko ya Uingereza na Marekani, kwa hiyo lenzi ya futi peke yake katika nyumba ya Tabora inaendana vizuri na mtu aliyenunua enzi za Mwingereza. Mita peke yake zinaelekeza macho Ulaya bara. Zikiwepo zote mbili kwenye pete moja, kwa kawaida ni lenzi ya baadaye.

Hatua ya tano: kioo na utando wake

Shika lenzi chini ya taa au dirisha na tazama miakisio ndani yake. Ikiwa yote ni meupe kama kioo cha dirishani, kioo hakina utando. Ikiwa ni ya bluu au zambarau, kina utando mmoja wa kupunguza mng'ao. Ikiwa kuna kijani, nyekundu na dhahabu kwa pamoja, ni utando wa tabaka nyingi, na hiyo ni kazi ya miaka ya 1970 na kuja huku.

Utando wenyewe ulibuniwa Zeiss wa Jena mwaka 1935 na Alexander Smakula. Zeiss waliuwekea alama ya herufi T nyekundu kwenye pete ya mbele. Wasovieti nao waliweka herufi yao nyekundu, П. Kwa wengi utando ukawa jambo la kawaida baada ya vita, yaani kuanzia 1945. T yenye nyota kando yake (T*) ni jambo lingine kabisa, ni ya tabaka nyingi, na haiwezi kukaa kwenye lenzi ya babu.

Kuna mtego mmoja. Baada ya vita watu walipeleka lenzi zao za zamani kiwandani zipakwe utando. Summar (lenzi ya Leitz) ya 1936 yenye bluu nzuri si lazima iwe bandia. Utando unakuambia lini kioo kilipakwa, basi.

Ukiwa hapo hapo na tochi, angalia afya. Mulika kutoka nyuma na utazame kwa pembeni. Nyuzi zinazotambaa kama mizizi ni fangasi. Wingu la jumla ni ukungu wa mafuta ya ndani, na mara nyingi fundi anausafisha. Ukingo unaometameta rangi za upinde wa mvua, au madoa kama mafuta juu ya maji katikati ya vioo viwili, ni gundi iliyoachana. Viputo vidogo vya hewa ndani ya kioo havina shida. Vioo bora vya zamani vilikuwa navyo. Kwa ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji, walio na unyevu wa ziwa, fangasi ndiyo adui mkubwa, na mfuko wa ngozi wa zamani unaoonekana kama kinga ndio unaohifadhi unyevu. Toa lenzi humo. Sisi wa Tabora tuna vumbi, na vumbi likisuguliwa kwa shuka linakwaruza. Summar ina kioo laini sana mbele, kiasi kwamba kuipata isiyo na mikwaruzo ni bahati.

Hatua ya sita: sasa soma jina

Umeshajua familia, nchi inayoelekea na kipindi. Jina lije kukubali au kukataa.

*Ujerumani.* Leitz wa Wetzlar waliandika "Ernst Leitz Wetzlar" kwa muda mrefu. Elmar ya 5 cm, apacha 3.5, ndiyo utakayoiona zaidi. Summar ya apacha 2 ilitoka 1933, Summitar 1939, Summarit ya 1.5 mwaka 1949, Summicron 1953, Summilux ya 1.4 mwaka 1959. Ukijua miaka hiyo, hadithi ya "baba alinunua Summicron kabla ya vita" inajijibu. Lenzi zilizoandikwa Canada si bandia: Leitz walifungua kiwanda Midland, Ontario, mwaka 1952.

Zeiss wana hadithi ndefu zaidi kwa sababu ya mgawanyiko wa nchi. "Carl Zeiss Jena" ni kabla ya vita, au ni Ujerumani Mashariki baada ya vita. "Zeiss-Opton" ni Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla hawajaanza kuandika "Carl Zeiss" bila Jena. Neno "West Germany" au herufi "DDR" haliwezi kuwa kabla ya 1949, maana nchi hizo mbili zilizaliwa mwaka huo. Sonnar za 50, za apacha 2 na 1.5, zilibuniwa na Ludwig Bertele, na ubunifu wake ndio uliozaa nusu ya lenzi za Kisovieti zinazofuata.

*Usovieti.* Zisidharauliwe. Jupiter-8 (50, apacha 2) na Jupiter-3 (50, apacha 1.5) ni watoto wa Sonnar, Jupiter-9 ni ya 85, Jupiter-12 ya 35, Jupiter-11 ya 135. Industar-22, 50 na 61 ni familia ya vioo vinne. Jina linaweza kuwa kwa herufi za Kirusi, ЮПИТЕР-8, au kwa herufi zetu kwa ajili ya soko la nje. Tafuta nembo ya kiwanda: umbo la kioo cha pembe lenye mshale wa mwanga unaokunjika ni la kiwanda cha Krasnogorsk, kilichotengeneza Zorki. FED ni za Kharkov, tangu 1934. Nyingi za lenzi hizi zinapiga picha nzuri sana za watu, zenye ulaini ambao simu haziwezi kuutoa, na anayekuambia "hiyo ni ya Kirusi tu, tupa" hajawahi kuweka filamu ndani yake.

*Japani.* Canon za mwanzo kwa skrubu ziliitwa Serenar mpaka miaka ya 1952 na 1953 hivi. Baada ya hapo zikaandikwa "Canon Lens". Nikkor zimeandikwa Nippon Kogaku, za mapema zikifuatiwa na "Tokyo" na za baadaye "Japan". Baada ya neno Nikkor kuna herufi, kwa mfano H.C au S.C. Herufi ya kwanza ni idadi ya vioo: T ni vitatu, Q vinne, P vitano, H sita, S saba, O vinane. Ile C ni utando. Maandishi "Made in Occupied Japan" ni zawadi kwa mtafiti: yanafunga umri kati ya 1947 na 1952, Japani ilipokuwa chini ya majeshi ya Marekani na washirika wake. Nikkor zilipata heshima ya dunia mwaka 1950, mpiga picha David Douglas Duncan alipozikuta Tokyo na kuzitumia kwenye vita vya Korea.

Tahadhari juu ya majina yaliyofufuka: Nokton, Skopar na Heliar ni majina ya zamani ya Voigtländer, lakini tangu 1999 kampuni ya Cosina ya Japani inatengeneza lenzi mpya kwa majina hayo, nyingine kwa uzi uleule wa 39. Ni nzuri. Si za zamani.

Hatua ya saba: namba ya mfululizo

Kwa Leitz, namba inakaribia sana mwaka. Shika nguzo hizi: chini kidogo ya 200,000 ni mwaka 1933 hadi 1934, kati ya 490,000 na 540,000 ni 1939, 600,000 ni mwisho wa vita, 750,000 ni 1949 kuingia 1950, milioni moja ilipitwa 1952, na 1,700,000 ni 1959. Namba zilitengwa kwa mafungu kabla ya lenzi kutengenezwa, kwa hiyo ruhusu mwaka mmoja huku na huku. Elmar za mwanzo kabisa hazikuwa na namba, na kukosekana kwake hapo si kasoro.

Kwa Zeiss Jena, namba ya zaidi ya 3,000,000 ni ya baada ya vita. Zeiss-Opton walianza kuhesabu upya, hivyo namba ndogo upande wa Magharibi haimaanishi uzee.

Kwa lenzi nyingi za Krasnogorsk na Arsenal kuanzia miaka ya 1950, tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka. Namba inayoanza na 56 ni 1956, na inayoanza na 71 ni 1971. Hakuna kanuni rahisi kuliko hii. Kwa FED usiitegemee.

Kisha linganisha. Namba inasema 1938, kufungia ni kwa M bila pete ya kugeuza? Kuna kitu kimeguswa. Namba inasema 1953, apacha ni 6.3 na 9? Rudi utazame upya.

Bandia zinazozunguka

Ile inayouzwa zaidi kwa hadithi ni "Leica ya jeshi la anga la Hitler", yenye tai, msalaba wa kivita, au maneno ya Olimpiki ya Berlin ya 1936, mara nyingine ikiwa na rangi ya dhahabu. Karibu zote ni FED au Zorki zilizofutwa maandishi na kuchongwa upya, na lenzi yake ni Industar iliyoandikwa Elmar. Ondoa lenzi utazame ndani ya kamera, juu ya tundu. Leica halisi ina gurudumu dogo linaloegemea pete ya lenzi. FED na Zorki zina kipande kilichochongoka kama kabari. Kisha mulika lenzi kutoka mbele: kwenye Elmar majani ya apacha yako mara tu baada ya kioo cha kwanza, kwenye Industar yako nyuma ya kioo cha pili. Mchongaji anaweza kubadili maandishi kwa dakika chache, lakini hawezi kuhamisha majani hayo.

Usimtukane aliyekuletea. Mara nyingi naye alidanganywa.

Lenzi isiyotoka

Kamera nyingi zilizobaki majumbani ni hizi: Canonet ya Canon, iliyoanza 1961, Yashica Electro 35, iliyoanza 1966, Kodak Retina za Ujerumani. Lenzi na shata, yaani kipazia kinachofunguka na kufunga wakati wa kupiga picha, ni kitu kimoja. Hapa soma kasi za shata. Safu ya 1, 2, 5, 10, 25, 50, 100 ni ya zamani. Safu ya 1, 2, 4, 8, 15, 30, 60, 125 iliingia ndani ya miaka ya 1950. Kwa hizi umri wa kamera ndio umri wa lenzi.

Kuandika ulichopata

Chukua karatasi moja kwa kila lenzi. Andika aina ya kufungia, chuma, safu ya apacha, cm au mm, futi au mita, rangi ya miakisio, maandishi yote ya pete ya mbele kama yalivyo pamoja na herufi za Kirusi, namba, na hali ya kioo. Chini yake andika mwaka unaoudhani na sababu zake, ukitenganisha ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa. Weka pia hadithi ya familia na jina la aliyeisimulia, kama ameridhia.

Ukitaka kuuza, mnunuzi makini wa mbali atakuomba picha nne: mbele, nyuma, ubavu, na moja ya kioo kikimulikwa kutoka nyuma. Mpe zote, hata kama fangasi inaonekana. Anayekataa kutuma picha ya nyuma, usinunue kwake. Karatasi iwekwe ndani ya kasha pamoja na lenzi, na picha zake zitumwe kwenye simu ya mwanafamilia mwingine, maana simu zetu zinaibwa na kuharibika kuliko lenzi hizi.